Foleni ya Wakubwa Katika Swichi Isiyoonekana

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za chumba cha seva, nikasaini karatasi, nikapigwa picha na wenzangu, nikapewa soda. Ninyi wawili mnaobaki idarani mliniomba niwaachie maandishi ya kazi. Nilidhani mnataka mchoro wa mtandao, lakini mchoro mnao, na nywila mnazo kwa sababu niliwakaririsha mbele yangu hadi mkachoka. Mlichotaka ni yale yasiyomo kwenye mchoro. Basi ndiyo haya. Vyeo nilivyopata na mishahara yake sitavitaja. Viko kwenye mafaili ya utawala, na katika miaka yote sijaona cheo kikipitisha hata pakiti moja ya data kwenye waya.

Nilianza katika hospitali hii ya kanisa, hapa Kimemi, Butembo, asubuhi ya mvua, viatu vikiwa na matope hadi kwenye kamba. Aliyenipokea ni Papa Muhindo. Alikuwa mtu wa phonie, ile redio tuliyoitia vituo vya afya kabla ya simu za mkononi, na hospitali ilipopata kompyuta za kwanza wakampa yeye azitunze, kwa hoja kwamba anajua mambo ya waya. Kompyuta hakuwa amezisomea hata siku moja. Alikuwa na koleo la kubana vichwa vya kebo, kipimio cha kebo ambacho betri yake ilitoka kwenye saa ya ukutani, na daftari lililofungwa kwa plastiki. Saa ya ukutani ilisimama kila tulipopima kebo. Watu wa utawala walizoea.

Mimi nilikuwa na diploma mpya na nilitarajia kuonyeshwa meza. Alinionyesha swichi, yaani lile sanduku la matundu ishirini na manne ambamo kebo zote za hospitali hukutana, kila tundu na taa yake ndogo ya kijani.

“Kaa hapa. Angaria taa,” akaniambia.

“Niangarie nini, Papa?”

“Taa. Saa sita nitakuya kukuuliza umeona nini.”

Saa ya kwanza sikuona kitu, nikajisikitikia na diploma yangu. Saa ya pili nikaanza kuona. Taa ya maabara ililala, kisha ikaamka kwa nguvu mara tu wagonjwa walipomaliza kutolewa damu. Taa ya duka la dawa iliifuata baada ya madaktari kupita wodini. Na kulikuwa na taa ya tundu la nane iliyocheza bila kupumzika, ilhali ofisi yake ilikuwa imefungwa na mwenyewe yuko shambani. Papa Muhindo aliporudi nikamwambia hiyo kwanza. Hakunisifu, aliandika tu kwenye daftari, na mchana tukakuta kompyuta ya ofisi ile imejaa virusi. Tangu siku hiyo sikuhitaji kuambiwa niangalie taa. Nilikuwa naziangalia hata nikipita na sahani ya maharagwe.

Miaka ikaenda kwa kebo. Nilijifunza kwamba panya wa Butembo hupenda kebo ya kijivu kuliko ya buluu, na sijui kwa nini hadi leo. Nilijifunza kutogusa kitu siku umeme unapocheza. Nilijifunza pia kwamba fundi anayesema “haiwezekani” mara nyingi hajatazama bado.

Kisha ikaja seva kubwa, msaada kutoka mbali, pamoja na fundi wa kuifunga. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu aliondoka siku ya pili jioni, kabla ya jembe. Alituachia sanduku moja la chuma ambamo ndani yake ziliishi kompyuta tano: ya mafaili ya wagonjwa, ya maabara, ya dawa, ya simu, na ya mazungumzo ya video. Kila moja ilijiona kompyuta kamili, lakini hakuna uliyoweza kuishika kwa mkono. Na katikati yao palikuwa na swichi pepe, yaani programu iliyofanya kazi yote ya lile sanduku la matundu, bila sanduku na bila matundu.

Mama Kavugho, aliyesafisha chumba chetu na kupangusa kila kifaa kwa kitambaa chake mwenyewe, alitusikia tukiitaja.

“Hiyo switch ingine iko wapi, nipanguse?”

“Iko ndani ya serveur, Mama. Haina mwili.”

“Basi vumbi haitaisumbua,” akasema, akaendelea na kazi yake.

Yeye aliridhika kuliko mimi. Mimi nililala vibaya wiki nzima kwa ajili ya swichi isiyo na taa. Nitajuaje kama maabara imeamka? Nitajuaje kama kuna tundu linalocheza peke yake? Papa Muhindo, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia kupumzika kazi, alinisikiliza hadi mwisho.

“Kama haina taa, iko na hesabu,” akasema. “Kitu yenye kupitisha batu inabahesabu. Tafuta fasi inaandika.”

Tulitafuta siku mbili, kurasa zote zikiwa kwa Kiingereza, yeye akisoma kwa kidole. Tukaupata ukurasa wa takwimu. Kwa kila tundu pepe: pakiti zilizoingia, zilizotoka, na safu ya tatu niliyokuja kuipenda na kuiogopa, pakiti zilizotupwa. Pakiti hutupwa pale njia inapojaa, na aliyeituma asipoituma tena, basi. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku nilipopata diploma. Kuanzia hapo kila asubuhi nilifungua ukurasa ule kabla ya chai, na kama namba fulani ilinishangaza chai ilipoa.

Kwa kuwa kompyuta za ofisini zilikuwa zinakufa moja moja, tulizihamishia nazo ndani ya seva. Mezani kwa mtu ilibaki skrini na kibodi, kompyuta yenyewe ikawa kule ndani, na kila moja ikapata tundu lake kwenye swichi pepe. Matundu niliyapa majina ya wenyewe. Mnajua kwetu mtoto anapewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo baada ya wiki nilikuwa na akina Kambale saba, na nilimkatia mtandao Kambale wa mapokezi nikidhani ni Kambale wa ghala. Papa Muhindo alinifutisha yote. Tukaandika kazi badala ya watu: mapokezi, ghala, chanjo, eksirei.

VLAN, yaani kuugawa mtandao mmoja kuwa mitandao iliyotengwa, zilinipa aibu nyingine. Ni kitu rahisi ukishakizoea. Nyumba ni moja, lakini familia ya maabara haipiti chumbani kwa familia ya wageni. Kila pakiti inavaa namba ya familia yake, na mlango mkubwa unaotoka nje ya seva lazima ujue namba zote zinazoruhusiwa kupita. Mimi nilizitenga vizuri, nikapima ndani, kila kitu safi, nikaenda kula. Mlangoni nilisahau kuandika namba ya maabara. Asubuhi nzima wahudumu walipeleka majibu ya damu kwa miguu, wakipanda na kushuka ngazi na vikaratasi mikononi, na mkuu wa maabara akaniambia kwa upole kwamba nimewarudishia ujana wao. Tangu hapo nikibadilisha kitu ndani, ninapima kutoka nje. Fanyeni hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Kanisa lina kituo kidogo Beni, kwenye komini ya Beu. Kilikuwa na daktari mmoja kijana, Docteur Masika, na mashine ndogo ya ekografia ya kutazama mtoto tumboni. Bingwa wa uzazi tulikuwa naye sisi Butembo, Docteur Paluku. Kati ya miji hii miwili kuna barabara mnayoijua, sitaieleza. Nitasema tu kwamba mwanamke mwenye mimba hapaswi kuipita bila sababu, na kwamba hata mwenye sababu huaga kwanza. Hapo ndipo tukaanza mashauriano ya mbali: Docteur Masika anapitisha mashine tumboni kule, picha inakuja hapa, Docteur Paluku anaangalia na kusema mama abaki au aletwe. Ilifanyika saa nne asubuhi, kwa sababu kama ni kuletwa, jeep lazima itoke mapema ipite vizuizi vya askari ingali mchana.

Njia yetu ya mtandao ilikuwa minara ya vilimani, nyembamba, na Beni pamoja na intaneti yote ya hospitali vilipita humo humo. Kwa hiyo kwenye swichi pepe niliweka foleni tatu. Ya kwanza hupita mbele ya wote, nikaipa picha ya Beni na simu ya chumba cha upasuaji. Ya pili kazi za kila siku. Ya tatu simu za wageni na walinzi. Foleni ya kwanza niliiwekea kikomo, robo ya njia, maana foleni inayopita mbele ya wote bila kikomo inawanyima wengine pumzi. Ikizidi robo, kilichozidi kinatupwa. Picha ilikuja safi. Docteur Paluku alimwambia Docteur Masika asogeze mkono kidogo kushoto kana kwamba amesimama naye.

Miezi michache baadaye picha ikaanza kuvunjika. Vipande vya mraba, sauti ya roboti, kisha kimya. Daima saa nne, na saa tisa ukijaribu, maji matulivu.

Katika majuma hayo alikuwepo Mama Kanyere, mimba ya miezi saba. Docteur Masika aliona kondo la nyuma limekaa chini akaogopa, akaomba Docteur Paluku aangalie. Picha ikavunjika mara tatu. Daktari mwangalifu asipoona anafanya kama ameona mabaya, akampandisha mama kwenye jeep. Walizuiwa njiani, wakalala kwenye kituo cha watu wasiowajua, wakafika kesho yake mama akiwa amevimba miguu. Docteur Paluku alimpima kwa dakika chache. Kondo lilikuwa mahali pake.

Mume wake aliulizia mtu wa mashine, wakamleta kwangu. Alikuwa mkulima, alivua kofia mlangoni.

“Wavukire, Papa,” akanisalimia. “Tulipita ile barabara juu ya image?”

“Ndiyo, Papa.”

“Ilikosa nini, image?”

“Sijajua bado.”

“Ukijua, utatuambia. Bibi yangu anauliza. Hatuna kasirani.”

Alinishukuru kwa kumpokea, akaondoka. Afadhali angenitukana. Nilikaa na aibu ile siku nyingi, na sijui kama imekwisha.

Wiki hiyo hiyo Abbé gestionnaire, padri msimamizi wetu wa utawala, alisema kwenye mkutano bila kupandisha sauti: “Mwisho wa mwezi. Kama image inaendelea kukatika, tunafunga téléconsultation. Bagonjwa ba mashaka batakuya na barabara kama zamani.” Hakuwa mkatili. Alisema kitu kisichoaminika ni hatari kuliko kutokuwa nacho, na hakuna aliyempinga, hata Docteur Masika aliyekuwa akitusikiliza kwenye simu kutoka Beu.

Nikaanza kutafuta. Nilipanda mlimani kwenye mnara na kukaza kila parafujo. Nilibadilisha kebo. Nililaumu mvua, lakini mvua Butembo hainyeshi kwa ratiba. Nililaumu umeme, nikaweka betri, picha ikavunjika vile vile. Saa nne kuna nini? Swali hilo nilikula nalo na kuoga nalo, na nakiri, katikati ya hofu ile nilikuwa na hamu ya kujua kama ya siku ya kwanza mbele ya taa.

Papa Muhindo alikuwa amepumzika kazi, anakaa Mususa hapa mjini, lakini Jumanne na Ijumaa alikuja hospitalini, kwenye ofisi ya wastaafu, kuzungumza kwa video na binti yake wa kwanza aliye Beni, kwa kuwa wote wawili walikuwa wameiacha barabara. Jumanne moja nikamwita chumbani kwangu.

“Umeangaria hesabu?” akauliza.

“Naangaria kila siku, Papa. Zimejaa.”

“Zimejaa za mwezi muzima. Futa yote. Tuanze ku zéro, tukae hapa.”

Nikafuta saa tatu na nusu. Tukakaa, wazee wawili mbele ya skrini ya namba. Foleni ya tatu ikawa inahesabu taratibu. Ya pili vile vile. Saa nne ikafika, na namba za foleni ya kwanza zikaanza kukimbia, na safu ya zilizotupwa ikakimbia nazo. Nilidhani nimesoma mstari usio sahihi. Nikasoma tena. Foleni ya tatu, ya wageni na walinzi, haikuwa imetupa hata pakiti moja. Iliyokuwa inatupa kwa maelfu ni ile ya kwanza.

Nikatoka hadi getini kumuuliza mlinzi kama mtandao unamsumbua. Alikuwa anatazama marudio ya mechi kwenye simu.

“Réseau iko muzuri sana, chef. Ata haikatike.”

Kwa hiyo katika hospitali nzima aliyekuwa na picha nzuri kuliko wote ni mlinzi wa geti.

Niliporudi, Papa Muhindo alikuwa ameomba orodha ya matundu yaliyomo kwenye foleni ya kwanza, akiisoma kwa kidole. Nami nikajua kabla hajafika mwisho. Nilikuwa nimewaweka mimi, mmoja mmoja. Abbé alikuwa amekuja ofisini akisema amesikia kuna njia inayopita mbele, na mikutano yake na Goma inakatika. Mtu wa namna hiyo akiingia unasimama na kumpa kiti, humwambii apange mstari. Nikamweka. Daktari mkurugenzi akasikia kwa Abbé. Mkuu wa wauguzi akasikia kwa mkurugenzi. Daktari mzee wa kamati hakuomba, aliuliza tu kama naye ni mtu wa hospitali hii, na wengine watano wakafuata. Kila mmoja alikuwa mzigo mdogo, na kumkatalia ilikuwa utovu wa heshima. Na wote hao humaliza kikao cha asubuhi na chai, wanarudi maofisini saa nne kamili, na kila mmoja anamwita mtu wake kwa video. Robo ya njia ikawajaa wao, na picha ya tumbo la Mama Kanyere ikatupwa pamoja na salamu za Goma.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimepanda mlimani kukaza parafujo.

Kidole cha Papa Muhindo kikasimama.

“Hii ni tundu ya bureau ya baretraités. Ni miye.”

“Ndiyo, Papa.”

“Nilikuomba?”

“Hapana. Nilikuweka miye mwenyewe. Juu uone mutoto muzuri.”

Kidole chake kikapanda hadi mstari wa juu kabisa.

“Na hii ya kwanza? Inaandika technique.”

“Hiyo ni ya kwangu.”

Nilikuwa nimejiweka siku ile ile niliyoitengeneza foleni, ili niweze kuisimamia vizuri, hivyo nilijiambia. Hata kufungua kwangu ukurasa wa takwimu kulikuwa kunapita mbele ya mtoto tumboni.

“Toa yako. Kisha toa yangu,” akasema.

Nikatoa yangu. Mkono ulipofika kwake ukasita, kwa sababu nilijua Ijumaa binti yake atakuwa vipande vya mraba. Akanigonga bega, si kwa nguvu. Nikatoa. Nikataka kuendelea na wengine tisa, akanizuia.

“Unataka kubatoa bila kubaambia?”

“Batajua namna gani, Papa? Ni hesabu tu.”

“Mutu ukimunyanganya kiti, unamwambia akiwa macho. Enda.”

Nikaenda, mlango kwa mlango, siku mbili. Sijawahi kufanya kazi ya kiufundi ngumu kama ile, na haikuhitaji kifaa chochote. Mkuu wa wauguzi alisema ningemwambia mapema. Mkurugenzi alisikiliza akiwa amesimama, akasema “mais c'est normal,” yaani ni kawaida tu, akarudi kwenye simu yake. Daktari mzee wa kamati aliniita kwa jina.

“Kasereka. Weye, nilikupokea na hii mikono kutoka mu tumbo ya mama yako.”

“Ndiyo, Docteur. Aksanti.”

“Na unanitoa.”

“Ninakutoa, Docteur.”

Hadi leo hunisalimia kwa ncha za vidole. Ninampokea hivyo hivyo, ana haki yake.

Abbé nilimwacha wa mwisho, kwa woga. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa.

“Nasikia unatoa batu mu ile njia.”

“Ndiyo, Abbé.”

“Nani anabakia?”

“Hakuna mutu. Inabakia image ya Beni na simu ya bloc.”

“Papa Muhindo?”

“Alitoka wa pili.”

Hapo akainua kichwa. “Wa kwanza ni nani?”

“Ni miye, Abbé. Nilijiweka tangu mwanzo.”

Aliiweka kalamu mezani. Nikangoja kufukuzwa.

“Na réunion yangu na Goma ikikatika?”

“Itakatika.”

“Donc itakatika,” akasema. “Funga mulango pole pole.” Hakusema nami tena wiki nzima, lakini hakudai pia tundu lake lirudishwe, na kwa mtu wa cheo chake hilo lilikuwa jambo.

Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi uishe. Docteur Masika alipiga simu asubuhi. Alikuwa na Mama Kyakimwa, mimba ya kwanza, miezi minane, na picha aliyoiona haikumpendeza. Kwa kuwa hakutuamini tena, na sikumlaumu, alikuwa ameshamwambia dereva awe tayari. Kitanda cha mama kilikuwa karibu na dirisha, jeep uani inanguruma, mkoba wa nguo za mtoto umeshapakiwa. Aliniambia yote hayo kwa mfululizo, kisha akasema, “Tunajaribu mara moja, Papa Kasereka. Ikikatika, anaenda.”

Saa nne nilikuwa nimesimama chumbani kwa Docteur Paluku, nyuma ya kiti chake, na kompyuta ndogo mikononi ikionyesha ukurasa wa takwimu. Niligeuza macho yangu mbali na skrini yake kwa heshima ya mama yule, na nilikuwa na namba zangu za kutosha. Pakiti zilizoingia zikaanza kupanda. Zilizotupwa: sifuri. Kupitia spika nilisikia pumzi za mama, sauti ya Docteur Masika ikimwambia atulie, na nyuma ya yote injini ya jeep, nzito, isiyokatika hata kidogo. Sikuwahi kusikia sauti safi namna ile kutoka Beni.

“Sogeza kwa juu,” alisema Docteur Paluku. “Apo. Bakia apo.”

Akatazama. Zilizotupwa: sifuri. Nilikuwa ninamfikiria yule mkulima aliyevua kofia mlangoni.

“Rudi kidogo. Sawa. Naona kitovu, naona kichwa.” Akaegemea kiti. “Masika, usimutume. Mutoto iko muzuri, kondo iko fasi yake. Mama abakie apo, azalie apo.”

Kule Beu hakuna aliyeshangilia. Nilimsikia Mama Kyakimwa akisema “wasingya”, asante ya kwetu, kwa sauti ndogo, mara mbili. Kisha viatu vya Docteur Masika vikaenda dirishani, na sauti yake ikaita nje, mbali na maikrofoni, lakini neno kwa neno tulilisikia Butembo:

“Zima. Haendi.”

Na injini ikazimika.